Maji ya Udhu Aliyoombwa Kaltun

Shule ya bweni huamshwa na mtu. Kengele haijipigi, na wasichana hawaachi vitanda vyao kwa hiari saa ile ya alfajiri ambayo ndiyo pekee yenye ubaridi kidogo mjini Garissa. Katika shule moja ya wasichana mtu huyo alikuwa Kaltun Diriye, matroni, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti iliyofika bweni la mwisho bila yeye kuvuka kizingiti cha bweni la kwanza.

Alizaliwa Bura, ile ya Fafi na si ile ya ng'ambo ya Mto Tana, katika nyumba ya wafugaji. Ukame ulipomaliza ng'ombe wa babake, familia ilihamia mjini na kuanza kununua maziwa kama watu wengine. Kaltun aliolewa, akafiwa na mume kabla ya kupata mtoto, akakataa kuolewa tena. Wasichana walimwita Eeddo, yaani shangazi, na wengi wao waliendelea kumwita hivyo hata walipokuwa na watoto wao, wakimpigia simu kumuuliza dawa ya mtoto asiyelala.

Alijua nani anaficha simu ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Alijua nani analia siku ya wazazi kwa sababu kwao ni Rhamu, mbali kule mpakani mwa Ethiopia, na kutoka Rhamu hakuna mzazi anayekuja kwa ajili ya kula chapati na mwanawe na kurudi. Msichana wa namna hiyo Kaltun alimketisha chini, akamsuka nywele mpaka jioni, na hakumwambia neno la kumfariji hata moja. Hakuwa mtu wa maneno laini. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake aliifanya kwa haki. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu yanayofuata hayampambi.

Kila mtu ana jambo moja analolitaka kuliko mengine. Kaltun alitaka kuiona Makka. Alikuwa na pasipoti sandukuni, chini ya nguo zake nzuri, isiyo na mhuri hata mmoja.

Mwaka huo mkurugenzi wa shule, Bwana Abdinoor, alitangaza tuzo. Mfanyakazi bora angepelekwa Makka kufanya Umra shule ikifungwa, na jina lake lingetajwa katika karamu ya jioni kwenye hoteli moja kando ya Mto Tana. Wakubwa wa kazi hupenda mambo haya. Wanaamini kuwa tuzo moja huwatia bidii watu thelathini. Hawaulizi wale ishirini na tisa wamelalaje usiku ule.

Wiki moja kabla ya karamu, Abdinoor alikutana na Kaltun nje ya stoo.

"Eeddo Kaltun, pasipoti yako iko hai?"

"Iko hai."

"Vizuri," akasema, na kwenda zake.

Mtu mwenye busara angeuliza: kwa nini waniuliza? Kaltun hakuuliza. Hakujua kwamba mkurugenzi alikuwa amewauliza na wengine swali hilo hilo, asije akamtuza mtu asiyeweza kusafiri. Yeye aliyachukua maneno yale kama ahadi, akaenda nayo sokoni, akanunua shuka jeupe la kusafiria na viatu laini vya kutembea. Muuzaji alipomuuliza anakwenda wapi, alitabasamu tu.

Jioni ya karamu wanawake walikaa upande wao wa bustani, karibu na maji. Joto lilikuwa halijaondoka. Walikula kwa masinia, na kwenye sinia la Kaltun walikuwa watatu. Wa pili alikuwa Ugbad, mpishi mkuu wa shule, ambaye jioni ile hakupika na furaha yake yote ilikuwa kuwakosoa waliopika. Wa tatu alikuwa Ruweyda, mwalimu wa kemia, msichana aliyetoka chuo kikuu juzi tu, binti wa Hinda anayeuza maziwa ya ngamia sokoni.

"Wali huu umeiva au umetishwa tu?" Ugbad akauliza, akiubonyeza kwa kidole.

"Kula, abaayo, dada yangu," Kaltun akamwambia. "Kesho tunarudi kwa maharage yako."

"Maharage yangu yamewafaulisha watoto mtihani."

"Yamewakimbiza chooni usiku. Mimi ndiye niliyewashikia tochi."

Ruweyda alicheka mpaka akafunika mdomo. Alikuwa amechambua nyama laini ya ngamia, akaisogeza upande wa Kaltun, kisha akamenya ndizi, akaiweka juu ya wali wake, kama binti anavyomfanyia mkubwa wake. Kaltun alipokea. Jioni ile alikuwa mkarimu wa moyo, kama watu walivyo wakarimu wanapodhani wameshashinda.

Kipaza sauti kilipiga kelele, kikanyamaza, na Abdinoor akasimama. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wazazi, akaishukuru hoteli. Kaltun alifuta mikono kwa kitambaa. Akaweka mtandio wake sawa. Akaugeuza mguu mmoja upande ambao angesimamia.

"Mwaka huu," Abdinoor akasema, "kwa mara ya kwanza tangu shule hii ianze, wasichana wetu wamefaulu kemia kuliko masomo mengine yote."

Hapo Kaltun alijua. Jina lilikuwa halijatajwa bado, na vigelegele vilikuwa havijaanza, lakini aliurudisha mguu ule mahali pake.

Jina lilipotajwa, Ruweyda alilia. Wanawake walimzunguka, wakambusu, kila mmoja akitaja jina la Mungu kwa desturi: mashallah, mashallah. Kaltun pia alisimama. Alimshika Ruweyda mkono, akamtazama kuanzia kichwani mpaka chini, akasema kwa sauti ambayo meza ya pili waliisikia:

"Miguu ya kuizunguka Kaaba ndiyo hii. Myepesi kama ya swala wa nyikani. Sisi wengine tungefika huko tumechoka."

Akanyamaza. Wote wakasubiri, naye hakuongeza kitu.

Kwa watu wa huku, kumsifu mtu bila kutaja jina la Mungu ni kama kuacha kisu wazi kwenye mkeka wa watoto. Si lazima kimkate mtu, lakini kila aliyepo hukitazama.

"Kaltun," Ugbad akasema taratibu, "malizia."

"Nimalizie nini?"

"Unajua."

"Nimesema moyoni."

"Abaayo, huo moyo wako leo simwamini msemaji wake."

Watu walicheka, Kaltun naye akacheka, na mambo yakapita. Lakini hakuwa amesema moyoni. Maisha yake yote alikuwa akilitamka neno lile kwa mbuzi mnene, kwa mtoto mchanga, hata kwa anjera iliyoiva vizuri. Jioni ile ulimi wake ulifika pale ukakataa, naye akauacha ukatae. Wivu wa kutamani kheri aliyonayo mwenzako bila kuchukia kuwa anayo hauna lawama. Wake haukuwa wa namna hiyo. Yeye hakutaka Umra tu. Alitaka Ruweyda asiipate.

Siku chache baadaye Ruweyda alikuwa akishuka ngazi za maabara na boksi la chupa mikononi. Akateleza. Chupa zilisalimika zote. Mguu ulijikunja chini yake. Hospitalini walisema mfupa haukuvunjika, bali mishipa ya kifundo imechanika, wakaufunga, wakamwambia asiukanyage. Mguu ukavimba kama kibuyu.

Habari zilimfikia Kaltun akiwa anakagua vitanda. Lililompata kwanza halikuwa huruma. Lilikuwa jambo dogo, la haraka, kama mjusi anayepita ukutani, na lilikuwa furaha. Alilifukuza upesi, akasema masikini binti wa watu, akaendelea kuvuta mashuka.

Jioni Abdinoor akamwita ofisini.

"Watu wa safari wanataka jina Alhamisi," akasema. "Msichana yule atatufu Kaaba vipi na mguu ule? Kama hajapata nafuu, nitaandika jina lako. Wewe ndiye uliyekuwa wa pili."

"Wa pili," Kaltun akasema.

"Kwa kura moja tu, wallahi."

"Nani alipiga kura?"

"Eeddo, hilo halisemwi."

Akataka kumuuliza: na wale wasichana wa kemia, nani aliwaamsha? Nani aliwatuliza usiku wa mtihani, walipotapika kwa hofu? Hakuuliza. Alisema, "Mungu amponye," akatoka, na akajikuta anatembea wepesi uwanjani.

Lakini kulikuwa na jambo alilolijua pale ofisini na hakulisema. Kila aliyesikiliza habari za mahujaji analijua: kule kuna viti vya magurudumu, na vilema, wagonjwa na wazee hutufu wakisukumwa, na ibada yao ni sahihi. Kaltun alikuwa ameona picha za viti hivyo kwenye simu za jirani zake mara nyingi. Abdinoor alisahau tu, kama mtu mwenye mambo mengi anavyosahau. Yeye alikumbuka, akanyamaza.

Jumanne alikuja Hinda, mama wa Ruweyda. Kaltun alikuwa kwenye baraza ya bweni. Hinda alikuwa amebeba beseni safi, limefunikwa kwa kitambaa, na birika la plastiki la kutawadhia. Kaltun alipoviona vitu hivyo alielewa kabla ya salamu.

Walisalimiana kwa urefu, kama inavyopasa. Mifugo, watoto, joto, mvua iliyokataa. Kisha Hinda akaliweka beseni sakafuni.

"Simtuhumu mtu," akasema. "Nawaendea wote mliokula sinia moja na binti yangu, nawaomba mnitawadhie humu, nimmwagie yeye maji hayo. Ugbad nimeshampitia. Alitawadha huku anacheka, akasema kama jicho lake lingekuwa na nguvu lingekuwa limeshawaua panya wote wa stoo."

Ndivyo dini inavyofundisha. Anayehofia kuwa jicho la husuda limempata humwomba aliyemsifu ajioshe, na maji yale humwagiwa yeye. Na anayeombwa hufundishwa asikatae. Kaltun mwenyewe aliwafundisha wasichana hivyo.

"Umeanza na Ugbad ili nisione unanijia mimi," akasema.

"Nimeanza na Ugbad kwa sababu jikoni ni karibu na lango."

"Hinda, tazama nyuma yako. Kila dirisha lina vichwa. Nikijiosha mbele yao, leo jioni wataniita nani? Mama gani atamwachia mwanawe matroni mwenye jicho?"

"Basi tuingie ndani."

"Tukiingia ndani ndiyo watasema zaidi."

"Kaltun, nakuomba maji. Sikuombi ukiri kitu."

"Ni kitu kimoja hicho hicho."

Hinda alimtazama kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuudhi Kaltun kuliko matusi. Akalifunika beseni tena kwa kitambaa, akaliweka kichwani.

"Sikulazimishi. Kaa kwa amani."

Akavuka uwanja taratibu. Vichwa vikaondoka madirishani kabla Kaltun hajageuka.

Ni rahisi kumlaumu, na anastahili lawama. Lakini tuseme kweli: hofu yake haikuwa ya bure. Mwanamke asiye na mume wala mtoto, anayeishi na mabinti wa watu, akishaitwa mwenye jicho haitwi kitu kingine tena. Jina la namna hiyo linaweza kumfukuza mtu kazini bila barua. Kaltun alikuwa na jina zuri tu, basi; hakuwa na mali nyingine. Alilikumbatia.

Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, alibaki kwenye mkeka. Alisema moyoni: sikutoa maji, nitatoa dua. Akainua mikono amwombee Ruweyda apone. Maneno hayakuja. Alianza mara ya pili, na badala ya maneno akaona chumba cha hoteli huko Makka, kitanda chake karibu na dirisha, viatu vyake vipya chini ya kitanda. Akajaribu tena, na hapo alijisikia mwenyewe anachoomba. Alikuwa anamwomba Mungu auache mguu wa mtu umevimba mpaka Alhamisi, ili yeye aende kwa Mungu huyo huyo kumshukuru.

Aliishusha mikono. Akaukunja mkeka. Kisha akavaa viatu na kutoka langoni bila kumwambia mtu.

Nyumbani kwa Hinda alimkuta Ruweyda amelala juu ya godoro uani, mguu umewekwa juu ya mto. Hinda alikuwa akifukiza moshi ndani ya kibuyu cha maziwa. Alipomwona mgeni aliinuka bila swali, akaleta beseni.

"Eeddo, si lazima," Ruweyda akasema, akijaribu kukaa. "Mimi ni mwalimu wa sayansi. Daktari ameniambia ni mishipa. Nilibeba boksi kubwa, sikuona ngazi, basi. Mama ana hofu zake."

"Mwache mama na hofu zake. Mimi nina zangu."

Kaltun akakunja mikono ya nguo. Hinda akamimina. Aliosha uso, akaosha mikono mpaka juu ya viwiko, magoti na ncha za miguu, na maji yote yakadondoka ndani ya beseni. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, anaangalia. Kaltun alimwona na hakuharakisha.

"Sijui kama jicho langu lina nguvu ya kumwangusha mtu," akamwambia Ruweyda, uso wake ukiwa bado unatiririka. "Mungu ndiye ajuaye. Ninachojua ni lilichotaka."

Ruweyda akainamisha kichwa kupokea maji. Hinda akamwagia binti yake maji yale kichwani na mgongoni, kisha mguuni, akisoma taratibu. Hakuna kilichotokea. Uvimbe ulibaki vile vile, mtoto wa jirani akaanza kulia, na moshi wa kibuyu ukageukia upande wao, wote watatu wakakohoa.

"Nilikuona," Ruweyda akasema hatimaye, akijifuta shingo. "Ile jioni, ulipofuta mikono na kuweka mtandio sawa. Nilijua unadhani ni wewe. Na mimi nilikuwa nadhani ni wewe." Akauweka mguu sawa juu ya mto. "Eeddo, kama siwezi kwenda, nenda wewe. Naitoa kwa moyo mmoja."

"Usinipe," Kaltun akasema haraka.

"Kwa nini?"

"Ukinipa nitaichukua."

Hinda alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka, na Kaltun naye midomo ikamcheza. Kisha akamwambia Ruweyda lile lililokuwa limebaki. Kule kuna viti vya magurudumu. Mtu husukumwa. Nilijua tangu siku mkurugenzi aliponiita, nikanyamaza. Aliyasema hivyo hivyo, bila kujipamba, akaomba aletewe kiatu chake kilichosukumwa mbali na maji.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa mlangoni mwa Abdinoor kabla ofisi haijafunguliwa.

"Andika jina la Ruweyda," akasema. "Na waambie watu wa safari kuwa atahitaji kiti cha magurudumu."

Abdinoor akapiga paji la uso. "Subhanallah! Nami nimekwenda nikaviona kwa macho yangu. Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Sikutaka ujue."

Mkurugenzi alimtazama, akingoja acheke. Alipoona hacheki, aliichukua kalamu na kuandika. Hakumuuliza tena, na hilo ni katika heshima alizomfanyia.

Mtu asidhani kwamba moyo wa Kaltun ulisafishika kwa beseni moja la maji. Ruweyda aliposafiri na kundi la wanawake, Kaltun hakwenda kumsindikiza. Alisema ana magodoro ya kuanika, na kweli aliyaanika, yote, hata yale ambayo hakuna aliyeyalalia. Jirani wa Hinda alieneza alichokiona, kama ilivyotarajiwa. Wapo kina mama waliowafunika watoto nyuso mbele ya Kaltun. Wapo pia waliosema: aliombwa akatoa, wangapi wanaotoa? Aliyavumilia ya kwanza na hakuyaamini sana ya pili.

Siku moja adhuhuri simu yake iliita, na kwenye kioo akatokea Ruweyda, amevaa nyeupe, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma yake watu wasiohesabika. Sauti ilikuja na kukatika.

"Eeddo! Waniona? Ona!"

Ruweyda akaigeuza simu. Kaltun aliona alichokitaka maisha yake yote kikiwa kidogo kama kipande cha makaa, kinatikisika mkononi mwa mtu mwingine. Wivu ukamjia palepale, mzima, kama mgeni anayejua nyumba. Aliketi juu ya godoro.

"Naona," akasema.

"Wote walionipa salamu nawaombea. Wewe nikuombee nini?"

"Omba nije. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu."

"Nitaomba, inshallah, Eeddo."

"Sasa hivi, nikiwa hapa. Na usiseme Eeddo, mashangazi ni wengi. Sema Kaltun Diriye. Taja na jina la babu." Akaisogeza simu mdomoni, kwa kuwa kelele za watu zilizidi. "Barre. Kaltun Diriye Barre wa Bura, ile ya Fafi. Akina Kaltun ni wengi huku, isije ikamwendea mwingine."